Kabla Hujaripoti kwa Wavinya

Nduku mwanangu,

Jioni hii ulipokuwa ukijipakulia muthokoi wa maharagwe kwa mara ya pili, ulisema jambo ukicheka, nami nikainuka kwenda jikoni kutafuta chumvi ilhali chumvi ilikuwa pale mezani. Ulisema, "Mwaitu, si nilisahau kukuambia? Bosi wangu huko Kisumu ni wa kwetu. Anaitwa Wavinya. Ameniuliza kama ni wewe ulikuwa unasimamia maabara pale mjini zamani. Kumbe mnajuana!"

Baba yako akafurahi kweli. "Hiyo ni vizuri sana," akasema. "Sasa hautakuwa mgeni huko."

Mimi nilisema tulifanya kazi pamoja. Ni kweli, tulifanya kazi pamoja. Ukanipa namba yake ukidhani nataka kumsalimia, ukaenda kupiga pasi nguo zako za safari. Hukuona uso wangu, na nilishukuru kwamba hukuuona.

Sitakuandikia habari za glovu na barakoa. Hayo umeyasomea na unayajua kuliko mimi, na hiyo maabara yenu ya Kisumu ina vifaa ambavyo sisi tuliviona kwenye picha tu. Wala sitakuhimiza ule vizuri. Kwa jinsi ulivyoshambulia sufuria leo, sina wasiwasi. Nakuandikia kuhusu Wavinya, na kuhusu mimi, kwa sababu Jumatatu utasimama mbele yake na yeye atakuwa anakutazama akimwona mama yako. Ni haki yako kujua anachokiona.

Unajua walivyokuwa wakiniita pale hospitalini. Mama Pua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilisema jina hilo kwa maringo, na mimi nililivaa kama mtu avaavyo kofia ya kanisani. Hospitali ile ilikuwa ndogo, ya mtu binafsi, na imefungwa kitambo; leo pale wanauza matairi. Maabara yenyewe ilikuwa vyumba viwili na friji moja. Lakini tulikuwa tukiotesha vijidudu, jambo ambalo wengine hapa mjini hawakuwa wakilifanya, na mimi ndiye niliyekuwa nikizisoma zile sahani.

Nilizisoma kwa macho, na nilizisoma kwa pua. Wewe unajua sahani za maabara, zile ndogo za plastiki zenye chakula cha vijidudu, zinazokaa kwenye kabati la joto mpaka kitu kiote. Kila kijidudu ana harufu yake. Kuna anayenuka utamu kama zabibu zilizoiva. Kuna anayenuka kama samaki aliyesahauliwa juani. Kuna mmoja ananuka kabisa kama panya aliyefia nyuma ya kabati. Nilikuwa nikifunua kifuniko kidogo, napitisha sahani chini ya pua, na kabla mashine au dawa yoyote haijasema lolote, mimi nimeshataja jina. Madaktari walikuwa wakija kutoka wodini kunitazama nikifanya hivyo. Nilijibu swali lao kabla hawajakaa, na mara nyingi nilikuwa sahihi, mwanangu. Hapo ndipo palipokuwa na ubaya wenyewe. Ningekosea mara kwa mara, ningeacha.

Haikuwa siri kwamba ni makosa. Nilifundishwa chuoni kwamba hatunusi. Lakini mwalimu aliyetufundisha hivyo alikuwa akinusa, na aliyenipokea kazini alikuwa akinusa, na katika kazi yetu mtu asiyenusa alionekana mwoga au asiyejua. Chakula changu cha mchana nilikiweka kwenye friji moja na damu za watu, rafu ya juu, kana kwamba rafu ni ukuta. Wewe mwenyewe ulikuwa ukitoka shule unakuja kunisubiri, unakula mandazi kwenye meza ambayo asubuhi ilikuwa na vikopo vya makohozi. Nilikuwa nimeifuta, ndiyo. Nakukumbuka hadi leo ukilamba sukari kwenye vidole vyako pale.

Tulikuwa na kabati la usalama pia, lile linalovuta hewa ili kitakachoruka kutoka kwenye sahani kisimfikie mtu. Feni yake iliharibika. Niliomba itengenezwe, nikaambiwa ningoje, nikangoja, kisha nikaacha kuomba. Tukaanza kuweka humo maboksi ya glovu. Mtu akiuliza tunasema kabati tunalo.

Wavinya alikuja kwetu akiwa ametoka chuoni, ameolewa mwaka huohuo, msichana wa Kola aliyecheka kwa sauti kubwa hata wodi ya pili wakamsikia. Alikuwa na mikono mizuri. Katika kazi yetu ukisema mtu ana mikono mizuri umemsifu kuliko kumwita mrembo. Nilimpenda kama mdogo wangu. Nilimfundisha kila nilichokijua, na ndani ya kila nilichokijua kulikuwa na pua yangu.

Sasa nakuja kwenye sahani yenyewe.

Ililetwa damu ya mchunga ng'ombe wa ranchi moja huko Lukenya. Alikuwa na homa inayokuja na kuondoka, viungo vinamuuma, jasho la usiku. Daktari aliandika neno moja tu, homa. Hakuandika kwamba mtu yule huingiza mkono wake kuwavuta ndama wanaokwama. Nami sikuuliza. Ningeinua simu tu nikapiga wodini nikauliza, "Huyu mgonjwa anafanya kazi gani?" Sikuinua, kwa sababu nilizoea kujibiwa na pua.

Kilichoota kilichelewa kuota. Kilikuwa vitone vidogo mno, kama umande. Kinachochelewa hivyo kinapaswa kumtia mtu hofu. Mimi kilinichokoza tu. Nilifungua sahani pale mezani, mbele ya feni ya dirishani kwa sababu kulikuwa na joto, nikanusa. Sikupata kitu. Nikamwita Wavinya.

"Kuja unuse hii. Mimi leo pua imelala."

Akainama, akanusa. Akanusa tena, vizuri, kwa sababu alikuwa mwanafunzi mzuri. "Mama Nduku, sisikii chochote," akasema. "Inanuka kama hewa tu."

"Basi ni uchafu umeingia," nikasema. Tukacheka kwamba nimeshindwa. Tukakichokonoa, tukakidondoshea dawa kikatoa povu pale wazi, tukakitazama kwenye hadubini. Kwa sababu kilinishinda, nikakifunga nikakituma kwa wenzetu wa maabara kubwa Nairobi wakitambue, nikaendelea na kazi.

Ulikuwa bado shule ya msingi. Siku hiyohiyo uliniletea mchoro wa jogoo.

Simu ilipokuja kutoka Nairobi nilikuwa peke yangu. Mwanamume aliyepiga hakunisalimia hata. "Hii kitu mliifungulia wapi?" akauliza. Nikamwambia ndani ya kabati. Hilo ndilo jibu lililonitoka mdomoni, Nduku, haraka kama mtu anayekwepa jiwe. Akasema, "Nashukuru Mungu. Hii ni brusela. Kama kuna mtu aliifungulia kwa meza, aanze dawa leo."

Wewe unaijua brusela. Nyanya yako alipoteza mbuzi kwa sababu yake, mbuzi wakatupa mimba mmoja baada ya mwingine, na ndiyo sababu kwetu hatunywi maziwa mabichi. Kwenye sahani ni mbaya kuliko kwenye maziwa, kwa sababu haihitaji kuingia tumboni. Inatosha kuivuta kwa pumzi. Na kuna dawa za kinga. Mtu akizimeza mapema, majuma matatu hivi, mara nyingi hapati kitu.

Nilishukuru, nikaweka simu chini. Na sikumwambia Wavinya.

Nimejaribu kwa miaka mingi kuandaa sababu nzuri ya hapo, na sina. Wakaguzi walikuwa wanakuja mwezi ule, na maabara ikipita ingepata cheti, na mimi ndiye ningesimama nikipiga picha nacho. Nilikuwa nimeshasema uongo kwa yule mtu wa Nairobi na ningelazimika kuukanusha. Nilijiambia huenda hakuna atakayeugua, maana watu wananusa kila siku. Lakini sababu ya chini kabisa ya zote ilikuwa aibu. Sikuweza kumtazama msichana yule machoni nimwambie kwamba pua anayoisifu ilimwita kwenye sumu. Nilimeza dawa? La, hata mimi sikumeza. Nilifikiri kutomeza ni aina fulani ya uaminifu kwake. Tazama akili ya mtu mwenye hofu inavyofanya kazi.

Siku chache baadaye alinivuta kando pale kwenye ngazi. Alikuwa anang'aa. "Mwaitu," akaniambia, aliniita mama hivyo kwa Kikamba akiwa na furaha, "niko na mimba. Usiambie mtu bado, hata mama yangu sijamwambia. Nimeanza na wewe."

Nilimkumbatia. Nilimkumbatia, Nduku, nikamwambia hongera, na mdomo wangu ukajifunga tena, safari hii kwa kufuli.

Tangu siku ile nilianza kumtazama. Akikohoa nageuka. Akisema amechoka nageuka. Nilikuwa nikimletea maembe na uji, nikimwambia akae nimalizie kazi yake, na watu wakasema Mama Pua amempenda huyu msichana kama binti yake. Kumbe nilikuwa namlinda kwa kila kitu isipokuwa kwa kile kimoja ambacho kingemsaidia. Mimi sikuugua. Tulivuta pumzi kwenye sahani moja, na mimi sikuumwa hata kichwa.

Homa ilipomwanza aliambiwa ni malaria. Kisha akaambiwa ni taifodi. Alikuwa akimeza vidonge anarudi kazini, analowa jasho mpaka koti linamganda mgongoni. Nilimwambia, "Hebu nikuchukue damu tuioteshe," na nikaiotesha, nikaifunga vizuri safari hii, sikuifungua, nikaituma Nairobi. Nilikuwa najua jibu. Nilikuwa nataka jibu litoke kwa mtu mwingine.

Jibu lilifika siku moja baada ya yeye kupoteza mtoto. Sijui kama alikuwa mvulana au msichana. Sikuuliza. Nilikwenda kumwona na chupa ya chai, nikaketi kando ya kitanda, na akaniuliza taratibu tu, kama mwanafunzi anavyouliza, "Ni ile sahani ya mtu wa Lukenya, si ndiyo? Tulijua lini kwamba ilikuwa brusela?"

Nikasema, "Tumepata majibu juzi tu."

Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuficha maradhi yangu, nilificha ya mwenzangu, na aliyeumbuliwa si mimi. Wakaguzi walikuja wakatupa cheti. Wavinya alimaliza matibabu, akarudi kazini kwa muda mfupi, haonekani mezani pangu ila kwa lazima, kisha akaenda zake. Hakuniaga. Nikasikia amepata kazi Nairobi, nikasikia amerudi kusoma, na baadaye sikusikia tena, kwa sababu niliacha kuuliza.

Baada ya hapo nikawa mkali. Hilo ndilo unalolikumbuka wewe, mama mkali wa maabara. Feni ya kabati niliitafutia fundi mimi mwenyewe. Friji ya chakula ikaenda chumba kingine. Mtu akisogeza uso wake kwenye sahani nilikuwa nikipiga kelele. Walinisifu kwa hilo. Niliagwa kwa keki siku nilipostaafu, na mmoja akasimama akasema Mama Pua ametufundisha usalama. Wewe ulipiga makofi kuliko wote. Nilikula ile keki na haikuwa na ladha yoyote.

Lakini ukali wangu ulikuwa na kasoro ambayo nimeiona juzi tu. Nilikuwa nikimkaripia anayekosea, naye anayekaripiwa huficha. Bila kujua nilikuwa nawafundisha vijana wale kufanya nilichokifanya mimi. Mmoja alijichoma sindano akakaa na siri hiyo siku mbili kabla ya kusema, na aliposema alikuwa analia kwa kuniogopa mimi, si kwa kuogopa ugonjwa. Nilimtoa nje ya ofisi, nikafunga mlango.

Na wewe una pua yangu. Nilikuona wiki iliyopita ukifungua mkebe wa maziwa, ukainama, ukafumba macho, ukavuta pumzi, ukasema, "Haya ni ya jana jioni." Ulikuwa sawasawa. Baba yako akacheka akasema damu nzito. Mimi nilitaka kukupiga mkono. Huko uendako, Nduku, siku moja utakuwa umechoka, sahani iko mbele yako, na kichwa chako kitainama chenyewe. Hutakuwa mjinga siku hiyo. Utakuwa hodari, na wamekuzoea kukusifu. Naomba ujiogope kidogo wakati huo.

Na ukiwa umeshainama, au umemwaga, au glovu imepasuka na hakuna aliyeona, sema. Sema kabla hujajua kama ni kitu au si kitu. Mimi nilikuwa nangoja nijue kwanza, na kila siku niliyongoja ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, mpaka ikawa rahisi kumwacha mtu augue kuliko kufungua mdomo. Sikuwa mtu mbaya. Nataka uliamini hilo, si kwa ajili yangu, bali ujue kwamba haihitaji mtu mbaya.

Ulipokuwa ukipiga pasi nilitoka nje nikampigia simu. Nilisimama kando ya tangi la maji ili baba yako asisikie. Akapokea, nikataja jina langu.

"Habari yako, Mama Nduku," akasema. Sauti imekuwa ya mtu mzima.

Nikamwambia lote. Nilisema upesi, kwa Kikamba, ili nisipate nafasi ya kupamba. Nikamwambia nilijua tangu siku ya simu, nilijua aliponiambia pale ngazini, nilijua nilipomletea maembe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa najua," akasema. "Yule mtu wa Nairobi nilikuja kufanya kazi na yeye. Aliniambia alikupigia lini. Nimekaa nikingoja uniambie wewe mwenyewe. Nikangoja, nikachoka, nikaacha."

Nilimuuliza kwa nini basi amemchukua mtoto wangu.

"Alipita intavyu," akasema. "Nduku hajanikosea kitu. Hapa kwangu mtu akikosea anasema na hafukuzwi. Hiyo sheria ni mimi niliiweka, na unajua niliitoa wapi." Kisha akasema, "Lakini wewe usikuje huku kumtembelea kazini. Mkutane nyumbani kwake. Na umwambie. Sitaki kumfundisha mtu ambaye hajui mimi ni nani."

Hakusema amenisamehe, na sikumwomba. Ningemwomba, ningekuwa nimempa kazi nyingine ya kufanya kwa ajili yangu. Kwa hivyo ukifika, usimwombe msamaha kwa niaba yangu, wala usimfanyie kazi kwa bidii ya kulipa. Hailipiki. Mheshimu tu, na msikilize. Hakuna mtu katika nchi hii anayejua zaidi yake kwa nini ile milango miwili ya kuingilia maabara yenu hufungwa mmoja kabla ya mwingine kufunguliwa.

Ilikuwa nia yangu kuitia barua hii ndani ya begi lako, chini kabisa, chini ya viatu, uisome ukiwa umeshafika Kisumu na mimi niko mbali. Nilikuwa nimeshaikunja. Nilikuwa nimeshafungua zipu. Hapo ndipo nilipojikuta nasema moyoni, ngoja afike kwanza, na nikalitambua lile neno.

Kwa hivyo naiweka mezani, mahali utakapoketi kunywa chai. Utaisoma kabla ya gari kufika, na mimi nitakuwa pale kwenye kiti cha pili. Sitakwenda kutafuta chochote jikoni. Uliza unachotaka, Nduku, na usipotaka kuuliza, usipotaka hata kunikumbatia, nitabeba mzigo wako mpaka barabarani nirudi.

Mama yako